Gunia la Matobolwa

Mama yangu, Apolinaria, ni mtu wa miguu. Maisha yake yote ametembea kutoka kijijini kwetu, ng'ambo ya Kipalapala, mpaka Tabora mjini. Masika ana uyoga kichwani, kiangazi ana matobolwa, na akirudi jioni bado anashika mchi anatwanga. Matobolwa, kwa msioyajua, ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu; ukivitafuna na chai ya asubuhi, husikii njaa mpaka jioni. Wanafunzi wa seminari wakikutana naye njiani wanampa shikamoo wote kwa pamoja, naye anawarudishia marahaba moja tu, kavu, anapita zake. Ukimuuliza kwa nini hapandi hata baiskeli ya mtu, atakwambia mababu zake walipita njia hiyohiyo na pembe za ndovu mabegani mpaka pwani, na hakuna aliyewapa lifti. Hapo humwezi tena.

Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama hakuolewa tena, akanisomesha kwa uyoga na viazi, na akanilea kwa adabu ya kutosha watoto kumi, yote ikaniangukia mimi peke yangu. Basi mjue ni mtu wa namna gani.

Nilipoolewa na Anton, adabu hiyo ikapata kazi mpya. Kwetu, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja, na wakikutana kwenye kijia chembamba mmoja anaingia majanini mwenzake apite. Jina ndiyo kabisa, halitajwi. Najua vijana wa mjini siku hizi wanapiga picha wamewakumbatia mama wakwe zao. Kwa mama yangu mambo hayo yaliishia kwenye simu za watu. Tangu siku ya posa alimwita mume wangu "mgeni". "Mgeni amekula?" "Mgeni anaendeleaje na kifua?" Mgeni gani, jamani, na nyumba tunayolala amejenga yeye! Naye Anton, Msukuma wa Igunga, aliyefiwa na mama yake kabla hajajua kuongea, alikuwa na heshima ya kupitiliza. Akiingia uani kwa mama anakohoa tangu barabarani, anasalimia akiwa amegeukia ukuta. Ukuta ule umesalimiwa sana.

Nilikuwa nawacheka wote wawili. Sikujua kama heshima inaweza kuvunja mguu.

Ilikuwa msimu wa mvua, na mimi nina mimba ya kwanza iliyokaribia siku zake, miguu imevimba hata kandambili hazinitoshi. Tunaishi Itetemia, Tabora mjini, vyumba viwili na uwanja mdogo. Nilimtaka mama. Sikutaka dada wa jirani wala mtu wa kulipwa, nilimtaka mama yangu anikande, anikemee, ampokee mtoto. Anton akasema atamfuata kwa pikipiki yake ya bodaboda, maana kwa miguu na tope lile angefika mtoto anatambaa.

Yaliyotokea huko sikuyaona. Nimeyasikia kwa Anton nikayasikia kwa mama, kila mmoja akinisimulia kwa siri, kana kwamba mwenzake hakuwepo. Nimeyaunga mwenyewe.

Mama alikubali kupanda kwa sababu yangu tu. Lakini atakaaje nyuma ya mkwe, kifua kwa mgongo? Akapata ufumbuzi: akaliweka gunia la matobolwa katikati. Gunia zima, la kuniletea mimi mzazi! Akakaa upande, miguu yote kushoto, mkono mmoja kwenye gunia, mwingine kwenye chuma cha kerieri nyuma. Anton aliona kwenye kioo cha pembeni kwamba mama mkwe amekaa nusu hewani. Mwendesha pikipiki yeyote anajua abiria wa namna hiyo ni hatari, hata kwenye lami. Kila abiria anayempandisha humwambia, "Nishike kiunoni, dada," "Nishike, mzee." Siku ile neno likamkwama. Unamwambiaje mama mkwe wako akushike?

Na mama naye alihisi anateleza tangu walipotoka kijijini. Hakusema. Angesema nini? "Mgeni, niruhusu nikushike"? Bora afe.

Wakaenda hivyo, kimya, manyunyu yanawapiga, mpaka kwenye mteremko wa mbuga kabla ya kufika Kipalapala. Mliopita pale mvua ikinyesha mnaujua udongo ule mweusi. Tairi linajaa tope mpaka linakuwa donge, na breki ukiigusa tu umejimaliza. Gunia likahama. Mama akalidaka, na kwa kulidaka akaning'inia upande mmoja na uzito wake wote. Pikipiki ikayumba, Anton akajitahidi kuirudisha, tairi la nyuma likatangulia la mbele. Anasema aliona jambo moja tu, kwamba ikilala kushoto itamlalia mama. Akaivuta kulia kwa nguvu zake zote, ikamlalia yeye.

Mama alirushwa kwenye majani. Alipoteza jino na akachubuka mkono. Alipoinuka aliona matobolwa yametapakaa njia nzima, na mkwe wake yuko chini ya pikipiki, mfupa wa muundi umetoka nje, damu inachanganyika na maji ya mvua.

Hapo mama husita kila anaponisimulia. Anatazama pembeni, anapangusa kitu ambacho hakipo kwenye sketi yake. Kisha anasema, "Nikaivuta ile pikipiki." Mama yangu, mwembamba vile! Akaivuta ikatoka. Akafungua kitenge alichovaa, akabaki na gaguro barabarani mchana kweupe, akamfunga mguu juu ya jeraha akikaza kwa magoti yake. Akakaa kwenye tope, akamlaza kichwa mapajani. Barabara tupu. Mvua imewafungia watu ndani.

Anton akaanza kusinzia. Anasema haikuuma tena, alisikia baridi tamu tu, akataka kulala. Ndipo akasikia jina lake.

"Anton!"

Alidhani anaota. Sauti ile haijawahi kulitamka.

"Anton we! Usilale! Fungua macho, mjinga wewe! Mwanangu unamwachia nani? Anton! Nitakupiga!" Na akampiga kweli, kofi la shavu. Kila alipofumba macho, jina na kofi. Alimwita mpaka sauti ikakauka, mpaka vijana wa mkaa wakatokea na baiskeli zao, wakakimbilia mkokoteni wa ng'ombe, wakawafikisha lami, na kutoka hapo gari la msamaria likawaleta hospitali.

Anton akapona. Nashukuru Mungu, nashukuru na vijana wa mkaa. Mguu ulifungwa vyuma, ukafungwa plasta. Mimi nikajifungua wiki iliyofuata, mtoto wa kiume, tukamwita Alois, jina la marehemu baba yangu. Mama alikuwa nami wodini. Alimpokea mtoto, akamnusa, akamwambia kama bibi anavyomwambia mjukuu mwenye jina la babu yake, "Mume wangu, umerudi umekuwa mfupi hivi?" Tulicheka wodi nzima.

Nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo yanaanza.

Siku ya kuruhusiwa mama alinisindikiza mpaka kizingiti cha nyumba yangu. Anton alikuwa amerudi kabla yetu, amelala sebuleni, mguu juu ya mto. Mama akamchungulia kidogo, akanikabidhi mtoto, akageuka.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi, na mimi nimetoka kujifungua jana?"

"Amenilalia mapajani, Levina. Ameniona na gaguro. Nitampitia vipi mbele ya macho?"

Akaondoka. Nilibaki nimesimama na kichanga mkononi, mume ndani hawezi hata kwenda chooni peke yake. Nililia kwa hasira, siwafichi. Nilimkasirikia mama, nikawakasirikia na waliotunga mila. Jirani yangu Bi Anifa, mama wa Kiislamu mwenye moyo wa pekee, ndiye aliyenichemshia maji na uji siku zile zote. Mungu ampe maisha marefu.

Mama hakunitupa, msimwelewe vibaya. Kila siku ya soko alipita uchochoroni, akaita kwa sauti ya chini, nikamtolea mtoto nje. Anambeba kidogo chini ya ukuta wa jirani, "Mume wangu, unanyonya?", kisha ananirudishia na mchicha. Sebuleni Anton anasikia yote. Jioni ananiuliza, kwa neno la kwao la mama, "Mayu hajambo?" Nikimjibu hajambo, anageukia ukuta. Alidhani mama anamchukia kwa kumwangusha.

Mjomba Tobias, kaka yake mama, alikuja kusuluhisha. Akasema ukwe una mlango wake wa kufunguliwa: mkwe alete kitenge na jembe, mama apike kuku, wale pamoja, haya iishe. Mama akamjibu, "Kitenge nilikwisha kufungua mwenyewe barabarani. Mtafungua nini tena?" Mjomba akanywa chai yake, akaondoka.

Siku moja nililipuka. Nilikataa kumtoa mtoto. Nikamwambia mama pale uchochoroni, "Mumeo analia ndani. Ukimtaka, mlango uko wazi." Nikamsikia anapumua. Kisha nikasikia ndala zake zinakwenda zake, na mimi moyo ukaniuma kuliko uchungu wa uzazi. Baada ya hapo hakupita tena. Soko likaja, likapita. Nikaogopa kwamba nimempoteza kwa mdomo wangu.

Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha Anton alipoanza kutembea bila gongo, anachechemea. Pikipiki ilikwisha kunyooshwa. Asubuhi moja akaitoa.

"Unakwenda wapi?"

"Kumfuata mama."

"Una wazimu? Kwa njia ileile? Na jana imenyesha?"

"Kwa njia ileile."

Nikamtukana mpaka alipopotea kwenye kona. Kisha nikakaa chini na mtoto nikasali, maana nilimwona tayari kwenye tope, na safari hii hayupo wa kumwita.

Alichokisema huko nimekisikia mara mbili, na kwa mara ya kwanza wote wawili hawakupishana hata neno. Alisimama uani, akakohoa, akageukia ukuta wake. Mama alikuwa ndani nyuma ya mlango.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Siku ile ningesema neno moja, 'nishike', tusingeanguka. Nilikuonea haya nikasahau kukuonea huruma."

Mlango ukabaki umefungwa.

"Ningelala pale, mama. Nilikwisha kulala. Ukaniita." Hapo sauti ikamkatika, mtu mzima mwenye ndevu. "Mimi sijawahi kuitwa na mama. Sijui anaitaje. Nimelala kitandani miezi yote hii nasikiliza uchochoroni, labda utaniita tena. Ndilo lililonileta. Kama nimekosa adabu, nisamehe, nitarudi nilikotoka."

Mama akasikika anavuta kitu ndani. Mlango ukafunguka, akatoka na gunia la matobolwa, jipya, limeshonwa mdomo. Alikuwa ameliandaa tangu siku niliyomgombeza, hakujua alilete vipi.

Akasimama mbele yake. Akauliza, "Na hili nitaliweka wapi?"

"Popote mama. Kichwani kwangu ukitaka. Lakini si katikati."

Mimi huku Itetemia nilikuwa nafua nepi uwanjani, Bi Anifa amempakata Alois kibarazani kwake. Manyunyu yalikuwa yameanza. Kila muungurumo wa pikipiki barabarani uliniinua, na kila mmoja ulipita. Nikaanza kukata tamaa. Halafu nikasikia sauti kabla sijaona chombo, sauti ile ya kufukuzia ndege shambani, na mtaa mzima ukaisikia.

"Anton! Anton, polepole! Huoni utelezi? Anton, utatuua wewe mtoto!"

Wakatokea kwenye kona. Gunia limefungwa mbele juu ya tenki. Na nyuma mama yangu, amepanua miguu kama wanaume, kitenge kimekunjwa mpaka magotini, mikono yote miwili imemzunguka mkwe wake kiunoni, shavu limelazwa mgongoni kwake. Watu wametoka madukani wanatazama. Hakuna aliyemtazama yeye akarudishiwa jicho. Anton anaendesha taratibu kabisa, machozi na mvua usoni, anatabasamu kama mtoto aliyefuatwa shuleni.

Bi Anifa akasogea karibu yangu, akaninong'oneza, "Levina, huyo si mkwewe? Mbona anamtaja jina?"

Nilikuwa na nepi imebanwa kifuani inanichuruzikia maji, na sikuweza kumweleza.

"Mwache, Bi Anifa," nikasema. "Mwache amwite."