Mkono Uliofungwa kwa Kitenge

Shakila Mahamudi anaweza kukurushia mpira kwa mkono wa kushoto kutoka mstari wa katikati, ukakufika kifuani kabla hujajua kwamba ametupa. Lakini mwombe akupitishie chumvi. Ataweka chini alichoshika, atahamisha, kisha atakupa kwa mkono wa kulia. Nimecheza naye miaka mingi, nimelala naye chumba kimoja kwenye safari za mashindano, nimegombana naye mpaka tukanuniana, na sijawahi kupokea kitu kutoka mkono wake wa kushoto isipokuwa mpira. Wenzake wa Kampala, ambako analipwa kucheza, wanadhani ni madaha. Si madaha. Mwenyewe hapendi kujieleza, basi nitamweleza mimi, maana mdomo ninao.

Shakila alizaliwa na mashoto. Baba yake, Assumani, alikuwa dereva wa malori, leo Butembo, kesho Kisangani, na mama yake alikuwa safarini na biashara ya vitenge. Kwa hiyo mtoto alilelewa Birere, hapa Goma, na nyanya yake, Koko Asha. Ukoo wao ulitoka Maniema zamani, na Koko ni mwanamke wa adabu kwelikweli. Nyumbani kwake hugusi sahani kabla hujanawa mbele ya macho yake. Kwake yeye mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo hufanyika chooni.

Mtoto alipoanza kupeleka mkono wa kushoto kwenye chakula, Koko alichana kipande cha kitenge kuukuu, akaufunga mkono ule kiunoni, akamwambia ale. Hakumpiga hata siku moja. Aliogopa tu watu waseme mtoto wa Assumani hakulelewa. Kitenge kilitundikwa msumarini jikoni, kikashushwa saa ya kula na saa ya wageni. Baada ya muda hakikuhitajika tena. Mkono wenyewe ulikuwa umeshajua aibu, ukawa unajificha nyuma ya mgongo kila penye watu.

Mtadhani nyanya kama huyo angekataa mambo ya mpira wa kikapu. Hamumjui Koko Asha. Shakila alipoletwa uwanjani Katindo na mwalimu wake wa michezo, Koko alitaka mambo mawili tu, suruali ndefu chini ya bukta na kitambaa kichwani. Kisha akanunua kiti cha plastiki, akawa anakuja nacho kila mechi na kukaa pembeni kabisa mwa mstari, akimwuliza refa kwa sauti ya upole kama macho yake yako salama. Marefa wote wa Goma wanamjua. Mmoja aliwahi kuomba kiti kile kihamishwe, akazomewa na uwanja mzima.

Mimi naitwa Gisèle. Wazazi wangu ni watu wa Bukavu, na Mungu alinipa urefu akasahau kunipa mbio, basi kazi yangu ilikuwa chini ya kikapu. Shakila alikuwa kinyume changu. Mfupi, mwepesi, haishiwi pumzi. Timu yetu iliitwa Makoro, kwa jina la mawe meusi ya volkano tunayoyakanyaga kila siku, na Shakila ndiye aliyekuwa meneuse wetu, yule anayepandisha mpira na kuamua nani aupate. Tangu mwanzo alidunda kwa kulia tu. Alikuwa na kasi kiasi kwamba kwa miaka kadhaa hakuna aliyejali.

Kampala walijali. Klabu moja ya huko ilimchukua akiwa bado msichana, mkataba wa msimu mmoja, na sisi tukamsindikiza kwa nyimbo. Lakini kwenye ligi ya watu wanaolipwa, mabeki wanakusoma. Walisoma kwamba yule Mkongomani anakwenda upande mmoja, wakauziba, na Shakila akamaliza msimu benchi. Siku ya kumrudisha, kocha wa pale alimwambia kwa kifupi kwamba akipata mkono wa pili apige simu.

Alirudi kama nguo iliyorudishwa kwa fundi. Hakutaka kazi nyingine wala ndoa, na wachumba walikuwepo, tusidanganyane. Alitaka Kampala tu.

Kocha wetu, Papa Balagizi, karani wa duka la vifaa vya ujenzi anayependa kikapu kuliko karatasi zake, alimpa mazoezi ya kushoto mpaka akachoka yeye mwenyewe. Mpira ukienda kushoto, Shakila aliushika kama mtu anayeshika sufuria ya moto.

"Shakila, mukono ya kushoto uliiachaka nyumbani?" Papa Balagizi alikuwa anauliza.

Shakila alikuwa anaokota mpira na kuanza upya. Wengine tulianza kusema, nasikitika kuyaandika haya, kwamba labda ana kilema.

Siku ya kilema kuisha nilikuwepo. Tulikwenda Lac Vert, ziwa dogo nje ya mji, timu nzima, kupumzika baada ya mechi. Tulipokuwa tunaosha miguu, mbwa mmoja alikuja akaupitia mfuko wetu wa mandazi na kukimbia nao. Shakila aliinama, akaokota jiwe, akatupa. Mbwa alikuwa ameshafika mbali. Jiwe lilimpata mkiani, mandazi yakabaki chini, wenzangu wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga. Mtu akishtuka hutupa kwa mkono aliozaliwa nao, na mkono nilioutazama ukishuka ulikuwa wa kushoto.

Nikamvuta pembeni. "We Shakila! Uko wa kushoto!"

"Nyamaza, Gisèle. Usiseme kwa batu."

"Juu ya nini nisiseme?"

Akanieleza. Kitenge, msumari, wageni. Akasema kila anapotaka kuutumia mbele ya watu anasikia joto usoni, kama mtu aliyetoka nje bila nguo, na Koko akiwa pale kitini joto linazidi. Nilicheka, kisha nikaona machozi yake, nikaacha. Nilimhurumia.

Basi tukaanza. Asubuhi kabla ya kazi, uwanja ukiwa mtupu, nilichukua kitambaa chake cha kichwa na kumfunga mkono wa kulia kiunoni, vile vile alivyofungwa utotoni, ila upande wa pili. Wiki za mwanzo mpira ulimpiga goti, ulimpiga kidevu, ukakimbilia kwenye mawe na kuchubuka. Shakila alikuwa anaufuata, anarudi, anaanza tena. Nikimwambia tupumzike ananitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. Polepole mkono ule ukaamka. Ulikuwa hodari kuliko wa kulia, huo ndio ukweli, kwa sababu ndio uliokuwa wake.

Tatizo ni kwamba uliamka asubuhi tu. Jioni, mbele ya watu na kile kiti cha plastiki, ulilala tena. Nikamshauri amwambie Koko asije kwenye mechi.

"Aende wapi?" akaniuliza kwa hasira. "Koko njo aliniruhusu nicheze. Nikimufukuza, nitachezea nani?"

Papa Balagizi, ambaye hakujua lolote juu ya kitenge lakini alikuwa ameona asubuhi zetu, aliwapigia simu Kampala. Wakakubali kumtuma mtu kwenye mashindano yetu ya Pasaka. Mechi moja, wakasema. Wakiona mkono wa pili watampa mkataba, wasipouona wasisumbuliwe tena.

Fainali tulicheza na timu ya Bukavu, na meneuse wao alikuwa Christa, msichana mwenye kifua cha chuma. Christa alisimama upande wa kulia wa Shakila na hakutoka hapo. Alimwachia kushoto kote, wazi, njia ya kupita hata lori la Assumani. Shakila hakupita. Mgeni wa Kampala alikuwa amekaa karibu na meza ya refa, na kabla ya mapumziko nilimwona anatazama simu yake. Niliumia kama vile ni mimi ninayeachwa.

Mapumziko yalipofika, Shakila hakuja kwenye benchi. Alivuka uwanja mpaka kwenye kiti cha plastiki, akapiga magoti mbele ya Koko Asha. Papa Balagizi alimfuata na chupa ya maji, mimi nikamfuata Papa Balagizi.

"Koko," Shakila akasema, "nakuomba mukono yangu."

"Mukono gani?"

"Ya kushoto. Ile ulifungaka."

Nilidhani Koko atakasirika, watu walikuwa wanasikia.

"Mimi nilifunga mukono ya kula," akasema. "Nilifunga mukono ya kupana vitu. Ile mupira iko bugari ya kumega?"

"Hapana, Koko."

"Iko mugeni?"

"Hapana."

"Sasa unaifichaka juu ya nini? Miaka yote niko nakaa hapa, najiuliza, huyu mutoto Mungu alimupa mikono mbili, anacheza na moja. Mimi niliwaza ni coach anamukatazaka!"

Akamgeukia Papa Balagizi kwa jicho lile la kutazama marefa. Maskini Papa Balagizi, maji yalimwagika juu ya viatu vyake.

Nilingoja Shakila alie. Hakulia, alikasirika. Sijui alimkasirikia nani, pengine miaka yenyewe, pengine msumari wa jikoni. Alisimama, akakaza kitambaa chake, na mpira wa kwanza alioupata baada ya pale aliupeleka kushoto. Christa alibaki anaulinda upande usio na mtu. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu Christa alihama, na Shakila akarudi kulia, na tangu hapo yule dada wa watu hakujua tena asimame wapi. Mgeni wa Kampala aliweka simu mfukoni.

Mpira wa mwisho alinipa mimi. Alikuwa kati ya mabeki wawili, hawezi kugeuka, akaurusha kwa kushoto nyuma ya mgongo wa mmoja wao, ukanikuta chini ya kikapu peke yangu. Nilifunga. Tulipokuwa tunarudi mbio kulinda, katikati ya kelele zile zote, alinipita na kuniambia, "Pardon, Gisèle, nilikupa na kushoto." Nilicheka mpaka refa akadhani namcheka yeye.

Mkataba aliupata, na yuko huko hadi leo. Ni mkataba wa msimu mmoja mmoja, na kila mwaka anatakiwa kuustahili upya mbele ya wasichana wenye magoti mapya. Amevunjika kidole, amepasuka nyusi, amefanywa kapteni. Huamka kabla ya adhana kukimbia. Mezani, wenzake wananiambia, bado anakula kwa kulia tu, hata kidole kikiwa kimefungwa bendeji.

Mwaka jana Koko Asha alipata kiharusi. Upande wa kulia wote ulikufa. Alikataa kulishwa, akisema yeye si mtoto. Kula kwa kushoto hakutaka hata kusikia, ingawa shehe mwenyewe alikuja kumwambia kwamba mgonjwa hana kosa. Akafunga mdomo na kuanza kukonda. Nilimpigia Shakila. Uwanja wetu wa ndege ulikuwa umefungwa, akapanda basi mpaka mpakani Bunagana na kuendelea kwa barabara, akiacha timu yake katikati ya msimu.

Alipika ugali na sombe ya majani ya muhogo, akaweka sahani kitandani kati yao. Koko akageuza uso ukutani.

Shakila alivua kitambaa cha kichwani, akanipa. "Funga," akaniambia, akiweka mkono wa kulia kiunoni. Nilimfunga kama zamani. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akamega tonge, na kwa mara ya kwanza tangu kitenge kile akala nao mbele ya nyanya yake. Alikula vibaya. Mkono ule unaopitisha mpira kwenye tundu la sindano haukujua kushika tonge, sombe ilimshuka kidevuni, ikaingia shingoni. Hakujifuta. Alimega tena, uso umemwiva kwa aibu, akaendelea kutafuna.

Koko aligeuka, akamtazama.

"Unakula mubaya," akasema, kwa ule mdomo uliopinda.

Kisha mkono wake wa kushoto ukatoka chini ya shuka, ukafika kwenye sahani.