Farasi wa Posta Asiyemtambua Mfalme

Mfalme aliporudi Uingereza, mji mzima ulikumbuka ghafla kwamba ulikuwa ukimpenda siku zote. Watu walioshangilia baba yake alipokatwa kichwa sasa walichomeka majani ya mwaloni, alama ya Mfalme, kofiani na kulia barabarani bila haya. Aliyelia kuwashinda wote alikuwa Ezra Pask, mwenye nyumba ya wageni iliyotazamana na ya Bi Thomasin Gedge.

Pask hakuwa akimlilia Mfalme, alikuwa akililia posta. Tangu mumewe afariki, Bi Thomasin ndiye aliyeshika kituo cha posta: alipokea mifuko ya barua na kuweka farasi tayari kwa safari ya mji wa Chester. Posta ndiyo iliyomletea wageni. Ingehama, angebaki na mapipa ya bia na paa linalovuja. Na sasa posta ilikuwa ya Mfalme, nayo ilitaka watu wa Mfalme.

Shida ilikuwa Barnaby, farasi wake wa posta. Marehemu Gedge alikuwa shabiki mkubwa wa Mlinzi Mkuu, yule jemadari aliyetawala Mfalme alipokuwa uhamishoni, akamzoesha Barnaby kuondoka kwa mwito mmoja tu: "Kwa Mlinzi!" Ukimchapa, anakutazama. Ukimbembeleza, anasinzia. Bi Thomasin alijaribu kumfundisha mwito mpya kwa karoti. Karoti zikaisha, Barnaby akanenepa.

Siku afisa wa posta, Bwana Lovelock, alipofika kutoka London na manyoya ya mbuni kofiani, Pask alimkimbilia kabla hajashuka.

"Bwana wangu, huyu mama ni wa Mlinzi mpaka kwenye mifupa! Mimi miaka yote nilikuwa namwombea Mfalme kwa siri, kikombe mkononi, chini ya meza!"

"Chini ya meza ulikuwepo kweli," Bi Thomasin akasema. "Nani aliyekuwa anakuokota?"

Lovelock hakucheka. "Maneno basi. Mimi mwenyewe nampanda farasi wa posta mpaka darajani. Akisita, posta inavuka barabara."

Lovelock alipopanda, Bi Thomasin alishika hatamu. Alikuwa na hofu, tena hofu kweli. Baragumu likapulizwa, watu wakajaa.

"Kwa Mfalme!" Lovelock akanguruma.

Barnaby alitafuna nyasi.

"Kwa Mfalme, nimesema!"

Barnaby akainua mkia na kutoa maoni yake juu ya mawe ya barabara. Watu walivunjika mbavu.

"Mnaona?" Pask akapiga kelele. "Hata farasi msaliti!"

Lovelock aliiva uso. Akainama mpaka sikioni mwa Barnaby, akanong'ona maneno mawili, wala hakuyatafuta. Yalimtoka kama salamu ya asubuhi. Barnaby akachomoka mbio, kofia ya manyoya ikabaki hewani. Bi Thomasin, aliyeshika hatamu, peke yake ndiye aliyesikia.

Aliporudi, Lovelock alikuwa anahema.

"Umemwambia nini, bwana?" Pask akauliza.

"Nimemkumbusha wajibu wake." Afisa akamgeukia Bi Thomasin. "Na wewe mama, umesikia chochote?"

"Mimi tena, bwana? Tangu Mfalme wetu arudi, hata jina la yule mwingine silikumbuki."

"Wala mimi," Lovelock akasema. "Posta ibaki hapa hapa."