Mwenyekiti wa Paka wa Makina

Mengi ya miaka ya sabini yamenitoka, mwanangu, lakini asubuhi ile naikumbuka. Paka wasio na mwenyewe walikuwa wamejaa hapa Makina, wakizaana nyuma ya bucha ya Salimu. Bi Rukia, mjane jirani yangu, alitukusanya sisi wanawake. Tuliwakamata kwa vikapu, tukawapeleka Kawangware kwa daktari wa mifugo aliyewafunga uzazi bila malipo. Kisha tuliwarudisha, maana paka akiondoka, panya hutawala.

Wanaume walitucheka. Hata mume wangu, Mutua, aliyekuwa fundi seremala, alilalamika, "Huko kazini naitwa bwana wa mama paka! Hayo waachie wasio na kazi." Lakini kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nilibeba kikapu changu nikaenda.

Salimu naye alichoka kuibiwa nyama. Akatia vipande sumu, akavitupa nyuma ya bucha bila kumwambia mtu. Asubuhi ile nilikuwa nimeinama huko nikimvizia paka jike, nikamwona Halima, bintiye Salimu, aliyeanza kutembea juzi tu. Ameshika kipande, anakipeleka mdomoni, na pembeni yake paka amekufa, povu limemtoka.

Nilimrukia nikamshika mkono. Nikamfungua kinywa kwa kidole: kitupu! Nilikaa papo hapo kwenye matope nikicheka huku nalia. Salimu alikuja mbio, akamnawisha mtoto mikono tena na tena.

Jumapili wanaume wakaja kwa Bi Rukia, Mutua na Salimu mbele. Walitaka kusaidia, tena walikuwa wameshachagua mwenyekiti, mmoja wao.

"Karibuni, wanangu," akasema Bi Rukia. "Hebu nionyesheni mikono."

Ilikuwa safi yote. Yeye akapandisha mikono ya buibui; alama za makucha zilimfika kiwikoni.

"Anayekwaruzwa ndiye anayeongoza. Nyinyi anzeni kwa kubeba."

Salimu alikuwa wa kwanza kuokota kikapu. Mutua akatuundia masanduku ya mbao, na sumu haikutupwa tena Makina.

Basi sikia, mwanangu. Huruma haivai suruali wala leso. Ukiwa mwanamume, usione haya kuingia kazi iliyoanzishwa na wanawake, ila ingia kama msaidizi. Ukiwa mwanamke, mkaribishe anayekuja, lakini usimpishe kiti kwa kuwa tu ana sauti nene. Mungu akupe mikono isiyochoka, na akulindie walio wako hata pale macho yako yasipofika.