Kichaka cha Bondeni

Nilipofika Mbagala kumfuata mume wangu aliyepata kazi kiwandani, jirani yangu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Kizaramo, mtu mzima, mzaliwa wa hapo hapo. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye akaitikia bila kuinua uso kwenye mbuzi yake ya nazi. Siku aliyoniona nachimba ming'oko kichakani nyuma ya nyumba zetu, vile viazi vyembamba vya porini tulivyokulia kusini, aliniuliza kama kwetu tunagombea chakula na nguruwe. Tangu hapo hatukupatana. Nikipika, anafunga dirisha.

Siku hizo kila mtaa ulitakiwa uwe na shamba la ujamaa. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mpole mwenye haraka, alituita akasema kichaka chote kitafyekwa, tupande mahindi matupu. Kulima pamoja nilikuelewa, na nilikupenda. Sikuelewa kwa nini lazima tule kitu kimoja ndipo tuwe wamoja. Lakini nilikuwa mtu wa kuja, nikanyamaza.

Jirani yangu akasimama. Nikajua leo ananimaliza. Badala yake akamwambia balozi upande wa bondeni usiguswe, kuna watu wanakula humo. Balozi akauliza ni watu gani. Akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu, na wenzake wa kusini. Na mie mboga yangu ya mchunga nachuma humo humo."

Wengine wakaanza kutaja mboga zao. Ubishi ulikwenda mpaka adhana ya alasiri. Balozi, kachoka, akakubali: mahindi yalimwe juu, bondeni paachwe, na pembeni kila nyumba ipande kunde au mihogo, itakavyo.

Tukiwa njiani kurudi nilimfikia, nikamwambia asante mama, ila mwenzio sijaelewa. Si alisema kile ni chakula cha nguruwe?

"Nilisema, na bado nasema," akanijibu. "Kwani nikikisema chakula chako ndiyo nimekwambia usile?"

Akaingia kwake. Mimi nikabaki uani, sijui nicheke au nikasirike.

Jioni nilimpelekea ming'oko ya kuchemsha. Akapokea, akafunika kawa. Kesho yake sahani ikarudi na mchunga wa nazi, mchungu ajabu. Niliula wote, machozi yakinilengalenga, na sikuthubutu kumuuliza kama naye ming'oko yangu aliila.

Shamba la mahindi lilitulisha misimu michache, kisha wapaliliaji wakapungua, mwisho pakajengwa nyumba. Bondeni tuliendelea kuchuma, yeye upande wake, mimi wangu. Tuliishi ukuta kwa ukuta miaka mingi, tukigombana kwa moshi, kwa kuku, kwa maji machafu. Alipofariki nililia kuliko binti zake, wakanishangaa. Hata mimi nilijishangaa. Kama alikuwa ananipenda au hanipendi, mpaka leo sijui.