CD Nyeusi Iliyosuguliwa Kama Sufuria

Mwanamke ambaye baba alimwoa nikiwa darasa la saba alikuwa na ugonjwa mmoja: kusugua. Sufuria zetu, ambazo kwa miaka minne mimi, baba na ndugu yangu mdogo tuliziosha juu juu tu, alizitazama siku ya kwanza akasema, "Woiye, kumbe hawa watoto walikuwa wanaishi na masizi!" Kufikia Jumapili zilikuwa zimepangwa juu ya ukuta wa nje, pale mtaani kwetu Noonkopir, Kitengela, zinang'aa hadi wapita njia wanageuka. Kwao, upande wa Bungoma, sufuria yenye tako jeusi ni aibu ya mwenye nyumba.

Nilimkasirikia tangu siku hiyo. Ubaya hakuwa nao, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mama yetu alikuwa ameaga dunia, nyumba nilikuwa nimeishika mimi, msichana wa pekee, na sasa hata mwiko nilikuwa nautafuta. Hatukumwita jina lolote. Ndugu yangu akitaka chai alimvuta leso. Mimi nilisema "samahani" kama niko kwa ofisi ya chifu. Jioni moja nikamsikia jikoni akimwambia baba, "Mimi siwezi kulazimisha watoto. Shule zikifunguliwa na bado hawanitaki, wacha nirudi nyumbani nikae na shamba. Wewe utakuwa unakuja." Nilifurahi. Haki ya Mungu, nilifurahi, na ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Furaha yangu nyingine likizo ile ilikuwa mashine ya gemu. Baba aliinunua mtumba Nairobi, ya kijivu, imetoka ng'ambo pamoja na CD moja tu ya orijino: gemu ya kuvua samaki, maandishi yote Kijapani. Kuvua samaki, Kitengela, mahali ambapo maji yenyewe tulikuwa tunaletewa na punda! Tuliicheza mara mbili tukachoka. Gemu tamu, za mpira na magari, ziliuzwa kule mjini ndani ya karatasi za plastiki, feki zote. Lakini mashine ilikuwa na kiburi. Ukiiwekea CD ya kukopi, inaizungusha, inaichunguza, inaikataa. Waliotengeneza walikuwa wameficha alama kwenye CD zao halisi, karibu na lile tundu la katikati, na hakuna kompyuta ya kukopi iliyoweza kuiandika alama hiyo. Hakuna alama, hakuna gemu.

Basi sisi tukawa na ujanja. Unakunja kipande cha karatasi, unakibana kwenye kile kidude kinachoiambia mashine kwamba kifuniko kimefungwa. Unaweka orijino. Mashine inaona alama yake, inaridhika. Pale inapopunguza mwendo, chap! unaitoa orijino na kuweka feki kabla haijashtuka. Ukichelewa kidogo tu, imekukamata, unaanza upya. Ndugu yangu alikuwa akikosa karibu kila mara. Mimi sikukosa. Watoto wa ploti nzima walikuwa wanaketi kimya kwenye zulia letu wakingojea mikono yangu, na mimi, wacha niseme tu, nilikuwa nimevimba kichwa.

Kwa hivyo ile gemu ya samaki, ambayo hakuna aliyeitaka, ndiyo iliyokuwa mali yetu kubwa. Ilijulikana kwa mbali. Feki ziling'aa chini kama kioo, lakini orijino ilikuwa nyeusi tititi upande wa chini. Mmeshaona mambo yanakoelekea.

Jumatano moja nilirudi kutoka dukani nikamkuta mke wa baba kwenye karai pale nje, waya wa sufuria mkononi. Juu ya ukuta, katikati ya sufuria mbili, CD yetu ilikuwa inaanikwa juani.

"Hii moja ilikuwa imeungua chini," aliniambia, uso umejaa furaha. "Zile zingine ziko safi. Hii nimeisugua, nimeisugua, lakini weusi umekataa kutoka."

Wee! Nilichemka. Nilimwambia ameharibu kitu cha maana kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Nikamwambia hii nyumba ilikuwa sawa kabla yake. Mdomo ukashindwa kusimama, nikamwambia arudi basi kwa hilo shamba lake. Nilipotaja shamba akajua kwamba nilisikia. Aliweka waya chini, akajipangusa mikono kwa leso, akaingia chumbani, na punde nikasikia zipu ya begi.

Si ndicho nilichokuwa nikikitaka? Ndugu yangu alisimama mlangoni akauliza, "Anaenda?" Nikaichukua ile CD nikaenda kuiweka kwenye mashine, nipate kumwonyesha kwamba imekufa kweli na kosa si langu.

Ikazunguka. Ikakwaruza. Halafu ile picha ya kufungulia ikatokea kwenye TV, na muziki wake. Mikono yangu haikuuliza ruhusa: chap! nikaitoa, nikaweka ya mpira, na uwanja mzima ukaanza kushangilia sebuleni kwetu.

Nikaigeuza orijino niitazame. Alikuwa ameishika kama mfuniko, vidole katikati, akasugua pembeni. Kulizunguka tundu kulibaki pete nyeusi, upana wa kidole, haijaguswa. Samaki, yaani gemu yenyewe, walikuwa wamekufa wote, lakini alama ilikuwa hai. Nilicheka peke yangu hadi machozi yakanitoka, sijui ya nini hasa.

Nilikimbia chumbani. Alikuwa ameketi kitandani, begi miguuni. Nilimshika mkono, bado ulikuwa unanuka sabuni.

"Kuja uone. Haijaharibika. Mimi ndiye nimeharibu. Nimekosa, nisamehe. Usiende."

"Usinidanganye ndio nifurahi."

"Kuja tu."

Tulimkalisha kwenye zulia tukampa kontrola. Alifinya kila kitufe kwa pamoja, akimkemea mchezaji wake, "Kimbia basi, wewe, ama umelala njaa?" Mpira ukamgeukia, akaupiga kwa nguvu zake zote, ukaingia kwenye goli lake mwenyewe. Akaruka juu akapiga vigelegele. Ndugu yangu akaanguka chini kwa kicheko.

"Umejifunga!" nikampigia kelele.

"Goli ni goli!" Akaongeza vigelegele vingine.

Mama wa Kimaasai aliyekuwa akituletea maziwa alikuwa amefika mlangoni na mtungi wake.

"Sopa!" akasalimu.

"Ipa," nikaitikia, nikifungua.

"Nani huyo? Kuna harusi hapa?"

"Ni mamangu," nikasema, wala sikufikiri. "Amejifunga goli."

Nyuma yangu vigelegele vilikatika. Nilisimama pale na maziwa mkononi, naogopa kugeuka. Nikasikia akimuuliza ndugu yangu, polepole, "Dada yako amesema nini?"

Na ndugu yangu, macho kwenye TV, akamjibu, "Amesema umejifunga."