Dakika za Fungulia Mbwa

Mdogo wangu analisimulia lile goli hadi leo. Mwezi uliopita nilipanda basi kutoka Iringa kwenda kumsalimia Mbeya, hata chai haijapoa ameshaanza: "Kaka, unaikumbuka ile krosi?" Siikumbuki. Sikuiona. Anajua fika kwamba sikuiona, na ndiyo maana ananiuliza.

Nina wivu, niseme tu. Mtu mzima, nina wajukuu, nina wivu wa goli moja la zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Siku ile timu yetu ya Iringa ilikuwa inamaliza ligi na timu ya Mbeya, pale pale mjini kwetu. Tukishinda tunabaki, tukitoka suluhu tunashuka daraja. Baba, dereva wa malori, alikuwa ameshanunua tiketi yake, halafu akavunjika mguu. Amelala nyumbani Mlandege, mguu umefungwa hogo, na redioni hawaitangazi mechi ya mikoani. Tiketi akanipa mimi, mkubwa. "Uangalie vizuri," akasema, "uje unisimulie kila kitu." Mdogo wangu alinuna, akanifuata mpaka uwanjani, akabaki nje ya ukuta. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Dakika themanini na ushee nilikaa kwenye baridi ile nikitazama watu wanabutua mpira juu. Hakuna kitu! Ukafika ule muda wa fungulia mbwa, mageti yanaachiwa wazi mwishoni na waliokosa tiketi wanamiminika ndani bure. Mambo ya kukanyagana mimi siyawezi. Nikajisemea, hawa washashuka hawa, ngoja niwahi kwa baba kabla mtu mwingine hajampelekea habari yangu. Getini nikapishana na mdogo wangu, anasukumwa ndani, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi.

"Kaka, unaenda wapi? Bado!"

"Hamna kitu humo. Suluhu hiyo."

Nilikuwa nimekaribia sokoni niliposikia kelele. Kelele ile, mtu yeyote wa mpira anaijua. Nikasimama. Nikajidanganya kwamba wamekosa, au refa amekataa. Nikaendelea na safari, na nilipofika nikamwambia: "Suluhu, baba. Tumeshuka." Baba akageukia ukutani.

Haikupita nusu saa, mdogo wangu huyo, sauti imemkauka, yuko peku. "Moja bila! Dakika ya mwisho, baba! Kichwa!" Baba alimvuta mpaka kitandani, akamwambia aanze upya. Akaanza upya. Akaanza tena. Mimi nimesimama mlangoni na kipande changu cha tiketi mfukoni. Jamani, mtu ameona dakika tano!

Tangu hapo, wageni wakija na ulanzi ukimiminwa, baba alikuwa na neno moja tu: "Mwiteni aliyeona goli." Zile dakika zangu themanini hakuwahi kuniuliza. Hata moja.

Mdogo wangu akahamia Mbeya, akaoa huko. Mimi nikabaki na baba. Alipougua ugonjwa wa mwisho, ni mimi niliyemgeuza kitandani, niliyemnywesha uji, niliyemwogesha. Asubuhi moja akasema anataka kulisikia lile goli. Nikavuta kigoda haraka. Stori ile naijua kuliko mwenyewe: krosi kutoka kushoto, beki anateleza, kichwa, kipa kaduwaa. Nikaanza, na mikono juu, na sauti ya mtangazaji.

Baba aliniwekea mkono gotini, taratibu kabisa.

"Wewe ulishatoka, mwanangu. Nipigie mdogo wako simu."

Nikapiga. Nikamshikia simu sikioni mpaka goli lilipoingia.