Maji Maangavu ya Longech

Mimi ni mwepesi wa hasira, na mjomba analijua hilo. Aliponipigia simu kutoka Longech, kijiji chetu cha wavuvi kando ya ziwa, kwamba maji ya ghuba yamekuwa maangavu, alinisihi nije bila kugombana na mtu. Mkewe alifurahi, hakuwahi kuona miguu yake mwenyewe ndani ya ziwa. Mimi moyo ulinilipuka. Maji yetu ni ya kijani kwa sababu yamejaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na ngege, samaki tunaowavua, huvila hivyo. Kijani kikiisha, samaki wameisha.

Nilibeba hadubini ya shule kutoka Lodwar, ninakofundisha biolojia. Tone moja la ghuba kwa kawaida hujaa nyuzi za kijani zilizojisokota, hai kabisa. Siku hiyo niliona vipande tu, vimepasuliwa na kumwagwa matumbo, na sikujua na nini. Ulibaki ukanda mmoja wa kijani karibu na ufuo, na humo ndimo nyavu za mjomba zilimokuwa bado zinapata kitu.

Alasiri lori la tangi likaja palepale. Dereva zamani alipeleka maji ya kunywa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Sasa alibeba maji machafu yanayotoka ardhini pamoja na mafuta yanayochimbwa. Alitakiwa kuyamwaga kwenye shimo la mbali, akaona ziwa li karibu. Alifungua koki, maji meusi yakatiririka kuelekea ule ukanda.

Wavuvi walimzunguka. Akasema, "Hii ni maji ya chumvi tu. Hata ziwa iko na chumvi."

Fimbo ya kwanza ilimng'oa jino. Nami nilimpiga ngumi ya shavu, na sitadanganya, nilifurahi kuona damu. Wakamwangusha, wakamkanyaga mbavu. Hapo ndipo nilipogeuka nikaona koki bado inamwaga.

"Mwacheni afunge kwanza!" nilipiga kelele.

Hakuna aliyenisikia. Mtu mmoja alimshika mkono, akaulaza kwenye gurudumu, akaupiga rungu. Nilisikia vidole vikivunjika. Nilipofaulu kuwasukuma, dereva alitambaa hadi kwenye koki mwenyewe, akaishika, vidole vikakataa kukunjika. Nilijaribu mimi, ilikuwa imejaa mafuta, mikono ikateleza. Ukanda wa kijani ulikuwa tayari umeanza kugeuka kahawia.

Mjomba, ambaye hakuwa amemgusa mtu, aliokota jiwe kubwa aigonge koki ifungike. Aligonga mara moja, haikusogea. Aligonga tena kwa nguvu zake zote, ikakatika. Tangi lote likamwagika ghubani kwa mkupuo mmoja, na watu wakaacha vurugu wakasimama kutazama.

Dereva alikuwa akilia. Mjomba aliketi mchangani, jiwe bado mkononi, akaniuliza kama ngege wanaweza kula kitu kingine.

Nikamwambia hapa hakuna kingine.